Badilisha maji kwanza

Nilipokuwa na miaka 11, kazi yangu ya likizo ilikuwa kubeba maji. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa anachonga malakiti nyuma ya nyumba yake kule Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi: visanduku, mayai, vichwa vya tembo, shanga za akina mama. Jiwe lile likitoka kukatwa halina uzuri wowote, utadhani ni bonge la udongo wa kijani lililokauka. Uzuri wake unatoka kwenye msasa. Baba mkubwa alikuwa amepanga karatasi zake juu ya ubao kwa namba, kuanzia ile inayong'ata vidole hadi ile ambayo ukiipitisha shavuni huhisi kitu. Mbele yake lilikaa beseni, maana malakiti haisuguliwi kavu. Ina shaba ndani, na vumbi lake ni sumu kifuani.

Kila alipomaliza karatasi moja, kabla hajashika nyingine, aliniita. "Ile mayi ilisha kufa. Leta ingine."

Bomba lilikuwa mbali. Siku moja nikagoma, nikamwambia maji bado ni safi, tazama, naona hadi chini. Hakunigombeza. Alinishika mkono akautumbukiza hadi kwenye sakafu ya beseni. Vidole vyangu vilikuta tope laini kama unga wa muhogo, na ndani ya ule ulaini, chembe chache zinazokwaruza. "Moja tu inatosha," akasema. Nikaenda kuchota.

Leo mimi nasugua konekta za fibri, yaani vichwa vya kuunganishia zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita faiba, wengine mkongo. Hapa Lubumbashi mafundi tunasema fibri, basi nitaandika hivyo hivyo. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia WhatsApp. Ana vifaa vizuri, ana karatasi mpya, amejifunza kwa mtu anayejua. Anauliza, akiniita ndugu mkubwa kama tunavyoitana hapa: "Yaya, kwa nini leo zinatoka nzuri zote, kesho nusu zinaharibika, na mimi nafanya kitu kilekile?" Swali hilo limenifurahisha sana. Watu wengi huniuliza konekta inang'arishwaje. Kung'arisha moja si shida, hata mgeni akiwa na subira anaweza kuipata. Kung'arisha 24 zikafanana, na wiki ijayo 24 nyingine zikafanana na zile za kwanza, hapo ndipo mtu anaitwa fundi. Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona jibu linakuwa refu, nikalileta hapa.

Kwanza niseme kwa nini bado tunasugua kwa mkono. Kazi nyingi za mjini siku hizi hazihitaji. Unanunua kipande kifupi cha fibri ambacho kiwanda kimeshakitia konekta upande mmoja, unakichomelea kwenye kebo yako kwa mashine, umemaliza. Nami nafanya hivyo, na kwa fibri nyingi nakushauri ufanye hivyo. Lakini kuna kazi ambazo mashine ya kuchomelea haifiki au hakuna nafasi ya kisanduku cha kuhifadhi kiungo. Kuna kebo fupi za vipimo ambazo ni ghali, zimekwaruzwa uso tu, na kuzitupa ni dhambi. Kuna wateja wa upande wa migodi wanaotaka kebo za urefu wao wenyewe, na kuagiza kutoka nje ni kusubiri wiki. Ndizo zinazofika kwenye meza yangu.

Sasa tazama tunachokisugua. Ncha ya konekta ni mrija mweupe wa seramiki, feruli, wenye kipenyo cha milimita 2.5 kwa zile kubwa na 1.25 kwa zile ndogo. Katikati ya feruli kuna tundu, na ndani ya tundu kumegandishwa uzi wa kioo wenye mikroni 125. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwanga wenyewe haupiti kwenye uzi wote. Kwenye fibri ya masafa marefu unapita kwenye kiini cha katikati chenye mikroni 9 hivi. Unywele wako ni mnene kuliko kiini hicho mara kadhaa. Chembe moja ya udongo wetu mwekundu, ule unaopaka madirisha kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, inaweza kukifunika chote.

Konekta mbili zinapokutana, kioo kinatakiwa kigusane na kioo. Kukiwa na hewa katikati, kila uso unarudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Ndiyo sababu uso wa feruli hausuguliwi ukawa bapa kama meza. Unasuguliwa ukawa na kitumbo kidogo sana, ili vile viini viwili ndivyo vitangulie kugusana. Konekta za buluu, zile tunazoziita UPC, zinatarajiwa kurudisha mwanga usiozidi desibeli 50 chini ya ule ulioingia, yaani sehemu moja kati ya 100,000. Za kijani, APC, uso wao umeinamishwa nyuzi 8 ili mwanga unaorudi utupwe pembeni usiifuate njia, na hapo tunazungumzia sehemu moja kati ya milioni. Na tafadhali, usichomeke ya kijani kwenye ya buluu hata kama inaingia. Inaingia, lakini vioo havigusani.

Kuhusu kupotea kwa mwanga, nina hesabu moja ninayomfanyia kila anayekuja kujifunza. Fibri nzuri, kwa mwanga wa nanomita 1550, inapoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilomita. Basi konekta mbovu inayopoteza desibeli 1 imekula mwanga sawa na kilomita 5 za kebo. Kilomita 5 za mfereji uliochimbwa kwa sururu kwenye udongo mgumu wa Katanga, zimemezwa na ncha unayoweza kuificha chini ya ukucha. Kila nikiiwaza hesabu hiyo natulia mezani.

Nirudi kwa swali la kijana.

Juni 2022 nilipata kazi ya konekta 24 za buluu. Asubuhi nilifanya 12. Niliziangalia zote kwa hadubini, zikawa safi kama macho ya mtoto. Nikala, nikarudi, nikafanya 12 nyingine. Saba zilikuwa na mikwaruzo inayopita juu ya kiini. Mkono uleule, karatasi zilezile, siku ileile.

Nilianza kulaumu kama kila mtu anavyolaumu. Kwanza karatasi: nikasema hii ya mwisho ni bandia, nikaitupa, nikafungua mpya. Nikajaribu moja, mkwaruzo upo. Halafu upepo: Juni ni mwezi wa vumbi, nikafunga madirisha, nikamwagia sakafu maji, nikatundika shuka lililolowa mlangoni. Nikajaribu nyingine, mkwaruzo upo. Jioni nilimpigia mteja, nikamwambia ukweli: "Mukubwa, saba hazifai, nipe siku mbili." Hakufurahi, na alikuwa na haki.

Usiku ule niliiangalia mikwaruzo yenyewe badala ya kuitafutia mshtakiwa. Hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo. Ilikuwa yote na upana unaofanana. Ilipinda kidogo, kama njia ya mkono unaozunguka. Na haikuishia kwenye kioo, iliendelea hadi kwenye seramiki. Mikwaruzo ya karatasi mbovu huwa mingi na myembamba, kama nywele zilizochanwa. Hii ilikuwa mmoja mmoja, mizito. Chembe iliyolegea, kubwa kuliko karatasi iliyokuwa chini yake, ilikuwa inaviringika kati ya karatasi na feruli. Karatasi zetu tunaziita kwa ukubwa wa chembe zake, na chembe ya mikroni 3 iliyopotea njia ikaingia kwenye hatua ya mikroni 1 inaweza kuchimba mfereji unaofikia theluthi ya upana wa kiini. Swali likabaki, inatoka wapi?

Nilichukua kisahani. Hicho ni kile kidude cha mviringo kinachoishika konekta wima wakati unasugua, kina tundu katikati na mifereji upande wa chini. Nilikigeuza nikakiweka chini ya lenzi. Kwenye mfereji unaozunguka tundu kulikuwa na mstari mweusi, mchanganyiko wa gundi iliyosagika na chembe za karatasi ya kwanza, umekauka ukashikana kama ukoko wa ugali. Asubuhi kisahani kilikuwa safi, nilikiosha usiku uliotangulia. Kufikia konekta ya kumi na kitu kilikuwa kimejaa, na kila hatua kilikuwa kinadondosha kidogo.

Halafu nikaangalia glasi. Nilikuwa na glasi moja ya maji yaliyochujwa, ndiyo niliyochovya kitambaa kufutia feruli kati ya hatua na hatua. Glasi moja kutwa nzima. Maji yalionekana safi. Kabla sijawaza lolote nilikuta kidole changu kiko chini ya glasi, kinapapasa.

Chembe zilikuwepo.

Nililia kidogo, sina aibu kulisema. Nilikuwa na miaka zaidi ya 30, nina cheti, nina hadubini ya kukuza mara 400, na jambo hilo nilifundishwa nikiwa na miaka 11 kwa kutumbukizwa mkono kwenye beseni. Konekta tano kati ya zile saba niliziokoa kwa kuzirudisha kwenye karatasi ya mikroni 1 na kusonga mbele tena taratibu. Mbili kingo zake zilikuwa zimemeguka, nikazikata. Gundi ikishakauka haitoki, konekta inakwenda na sentimita kadhaa za kebo yako.

Tangu siku ile mezani kwangu pana visahani vitatu, kila kimoja na karatasi yake, na vimeandikwa kwa kalamu isiyofutika. Cha kwanza hakivuki mpaka kwenda kwa cha tatu hata kama nina haraka. Hakuna glasi ya kuchovya. Kuna chupa ya kunyunyizia, maji yanatoka hayarudi. Kitambaa kisichotoa nyuzi nakikunja mara nne, kila hatua upande wake, kikiisha pande kinatupwa. Ukisoma hadi hapa tu ukafunga ukurasa, umeshapata nusu ya ninachokijua.

Nusu nyingine iko kwenye vitu vidogo vinavyobadilika bila wewe kuvibadilisha. Chukua gundi. Hii ya sehemu mbili inayokauka kwa moto, asubuhi za Juni na Julai inakuwa nzito kama asali iliyolala nje. Ukiisukuma kwenye feruli ikiwa hivyo inaingia na mapovu, na povu likikaa karibu na uso, kioo hakina kinachokishika, kitameguka wakati wa kusugua, na wewe utalaumu karatasi. Mimi sindano ya gundi naiweka kwapani dakika kumi kabla ya kazi. Kijana wetu wa karakana alinitazama kwa mshangao siku ya kwanza. Sasa naye anafanya.

Halafu umeme. Gundi yangu ikiiva inageuka kutoka rangi ya chai nyepesi kuwa nyekundu ya kahawia. Umeme ukikatika katikati ya kuiva, usiende kwa macho tu. Gundi iliyoiva nusu unapoisugua haisagiki, inapakaa, inajaza karatasi na kuifanya ngumu kama kucha. Naandika saa niliyowasha tanuri, na umeme ukikatika, hesabu inaanza upya utakaporudi. Nimepoteza jioni nyingi hivyo. Sijapoteza konekta.

Kukata uzi unaochomoza ndiko kunakohitaji roho tulivu. Gundi inaacha tone dogo juu ya uso wa feruli. Kisu cha almasi kinapita mara moja, juu tu ya tone, kwa uzito wa kisu chenyewe. Si msumeno, usiende na kurudi. Halafu unauvuta uzi moja kwa moja, kama unavyong'oa unywele mweupe wa mama yako asije akashtuka. Ukiupinda badala ya kuuvuta, ufa unaweza kushuka ndani ya feruli, na hakuna msasa utakaoufikia. Kile kipande kilichokatika usikipukute kwa mkono. Kibandike kwenye utepe wa gundi au kitie kwenye chupa yenye kifuniko. Ni kioo chembamba kiasi kwamba kikiingia kidoleni hutakiona, na kwenye meza hiyo hakuna kula wala kunywa.

Kinachobaki kimesimama juu ya gundi ni kisiki. Hapo sitii konekta kwenye kisahani bado. Naikamata konekta mkono wa kushoto ikitazama juu, na karatasi ya mikroni 5 naishika mkono wa kulia, imepinda kama jani la mgomba, inagusa kisiki tu. Nazungusha hewani, polepole. Mwanzo unasikia kioo kinakwaruza, sauti kavu kama panya anayetafuna karatasi. Baada ya mizunguko kadhaa sauti inafifia, na kidole kinakwambia kisiki kimelala usawa na gundi. Ukikimbilia kwenye kisahani kabla ya hapo, kisiki kinavunjika chini ya mzigo na kuacha shimo.

Kwenye kisahani mwendo ni namba 8. Si urembo. Ukizungusha upande mmoja tu, upande huo unalika zaidi na kile kitumbo kinahama kutoka katikati. Namba 8 inagawa mzigo pande zote. Chini ya karatasi kuna mpira, si kioo kitupu, kwa sababu mpira ukibonyea kidogo ndio unaolea kitumbo. Na chini ya karatasi pawe safi kama juu yake. Punje moja ikilala kati ya karatasi na mpira inainua kilima, na konekta inapita juu ya kilima hicho kila mzunguko.

Karatasi ya kwanza, mikroni 3, kazi yake ni kumaliza gundi. Anza bila kukandamiza kabisa. Mara ya kwanza kisahani kinakwama-kwama, kinashika, halafu ghafla kinateleza. Mteleko huo ndio gundi imekwisha. Hapo simama! Wengi wanaendelea kwa sababu wanasikia raha ya mteleko, na kila mzunguko wa ziada ni kioo kinachotoka. Seramiki ni ngumu kuliko kioo, kwa hiyo ukizidisha, uzi unazama chini ya uso wa feruli, na konekta mbili za namna hiyo zikikutana zinagusana seramiki, vioo vinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Mikroni 1, mizunguko 20, basi. Ya mwisho, laini kabisa, na tone la maji, mizunguko 20, basi. Hizo ni hesabu za karatasi zangu na mpira wangu. Wewe tafuta zako, lakini ukizipata usizibadilishe kwa sababu ya kusikia tu.

Kuna jambo lililonichukua muda mrefu kuligundua, na sijaona mtu akilisema. Uzito wa mkono. Kijana wetu alikuwa anafuata kila hatua kama mimi, anahesabu kwa sauti, na uzi wake ulikuwa unazama zaidi ya wangu. Nilichukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa mandazi, nikaweka kibao na mpira na karatasi juu yake, nikairudisha kwenye sifuri, nikasugua. Mizani ikacheza kwenye gramu 300 na kitu. Yeye akasugua: 700. Alikuwa hajui. Kijana ana mkono wa kubeba magunia, gramu 700 kwake ni kama hakuna. Alifanya mazoezi juu ya mizani siku tatu, anatazama namba, mpaka mkono ukashika. Halafu nami nikajipima tena saa kumi jioni, nimechoka, nikajikuta niko 550. Nilikuwa najua kuhusu kisahani na glasi, lakini hili la jioni sikulijua. Sasa baada ya konekta ya 12 nanawa, natoka nje, nakaa chini ya mwembe robo saa. Nikirudi, mizunguko mitatu juu ya mizani kwanza.

Hadubini naipitisha kwa kila konekta, si moja kati ya kumi. Kwanza nahakikisha upande wa pili wa kebo haujachomekwa popote. Mwanga wa fibri hauonekani kwa macho, na kuona giza hakumaanishi hakuna kitu. Jicho linaungua bila kukuuliza. Kisha natazama kiini: hapo sikubali mkwaruzo hata mmoja, wala doa. Kwenye ganda la kioo linalokizunguka, alama ndogo ndogo navumilia. Pete nyembamba ya gundi ukingoni ni kawaida, lakini ikiwa nene upande mmoja, uzi haukukaa katikati ya tundu. Doa likionekana, futa kwa alkoholi safi, angalia tena. Likihama ni uchafu, likikaa ni jeraha.

Kupima kupotea kwa mwanga kunafuata, kwa mwanga wa nanomita 1310 na wa 1550. Kwangu isiyozidi desibeli 0.3 inapita. Lakini usiiamini namba peke yake. Nimeona konekta yenye mkwaruzo ikatoa namba nzuri kabisa siku ya kupimwa, na mkwaruzo huo ndio utakaoshika vumbi baadaye. Kifaa cha kupima mwanga unaorudi sina, naazima kwa rafiki kila baada ya muda. Chombo cha kupima umbo la kitumbo sina na sitarajii kukipata, kwa hiyo mteja akitaka karatasi yenye vipimo vya umbo namwambia aagize kiwandani. Sitaandika namba ambayo sikuipima.

Kila konekta ina mstari wake kwenye kaye, yaani daftari. Namba yake, tarehe, nani alisugua, karatasi ni ya ngapi kutumika, saa, hadubini ilisema nini, desibeli ngapi. Kaye yangu ya kwanza ilionekana kama kazi ya karani, ikanichosha. Lakini ni hiyo iliyonionyesha kwamba karatasi yangu ya mwisho inachoka baada ya konekta ya nane, si ya kumi na tano kama nilivyokuwa naamini. Jicho halikuona. Mistari ilipopangwa chini kwa chini ikaonekana.

Za kijani kwa mkono? Naulizwa sana. Nimejaribu, na kisahani chake chenye mwinamo wa nyuzi 8 ninacho. Nzuri zinatoka, lakini hazitoki mfululizo. Mbili nzuri, moja mbaya, tatu nzuri, moja mbaya. Kwa hiyo mteja akitaka za kijani nanunua vipande vya kiwandani nachomelea. Siku zitakapotoka 24 zinazofanana nitaandika.

Kijana wa Likasi alikuwa amenitumia picha nane za nyuso za konekta zake, nzuri na mbaya. Nilimwambia hizo zitoshe, anipigie picha ya tumbo la kisahani, kwa karibu, na nyingine ya maji anayofutia. Alinitumia jana usiku. Ya maji haionyeshi kitu, glasi inang'aa. Ya kisahani ina mstari mweusi kwenye mfereji, unazunguka tundu lote. Nimemwambia aje Jumamosi, aje na kisahani na ile glasi na maji yake yaleyale ndani, ameifunga kwa plastiki, na asikioshe chochote njiani.